Yai na Ganda Lake

Mwezi wa kwanza hakula chochote kilichopitia mkononi mwangu.
Alisema mchuzi unanong'ona.
Alisema kuna aliyesaga kioo ndani ya tui,
na kwamba paka wa Langoni wametumwa
kuhesabu matonge yake.
Miaka kumi na tisa, Lali wangu,
aliyekuwa akikomba sufuria ya uji mpaka naificha.

Jirani akaleta kombe,
maandishi ya zafarani kwenye sahani nyeupe.
Nikapokea. Dua ya mtu siirudishi mlangoni.
Lali akauliza ni nani aliyeiosha hiyo sahani,
na hakuinywa.

Ndipo nikakumbuka yai.
Yai halina mlango.
Nililichemsha mbele yake, nikampa lingali la moto
alimenye mwenyewe kwa kucha zake.
Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha,
akatafuta ufa,
akala.
Nikaingia jikoni, nikaketi juu ya kinu, nikalia.

Baada ya yai, ndizi.
Baada ya ndizi, dafu lililopasuliwa akiona,
chungwa, karanga za maganda,
kila alichokifunga Mungu mwenyewe.
Siku ya kumi na moja nikatenga sinia moja,
wali, mchicha, changu wa kuchoma.
Nikala upande wangu. Nikala upande wake.
Nikaizungusha sinia, nikala tena.
"Ndoo," nikamwambia, sikuongeza neno.
Akaja akakaa, goti lake likigusa langu.

Dawa za hospitali zilipoanza kushika
sauti zikarudi nyuma;
zimekuwa, alisema, kama redio ya nyumba ya tatu.
Mahali pake ikaingia njaa.
Usiku wa manane nasikia kifuniko cha sufuria.
Mahamri sita, soda mbili,
na kaimati zangu, zile za kuuza alfajiri,
bakuli zima, shira mpaka viwikoni.
Kanzu ya Idi ikagoma mabegani.

Muuguzi Kadzo hakunigombeza.
Alimpima kiuno kwa utepe, akamtoboa kidole kupima sukari,
akasema: Mama, huu si uroho,
ni dawa inabisha hodi tumboni.
Kabati usilifunge kufuli. Badilisha kilichomo.
Na vidonge asiviache, hata siku akiona yuko sawa.

Mimi, muuza kaimati!
Mimi niliyemlipia karo kwa sukari!
Nikajifunza upya, nina miaka hamsini na mbili:
kunde badala ya chipsi,
mkate wa mofa, dagaa, papai,
maji ya ndimu kwenye chupa ileile ya soda
maana mkono wake umeizoea.
Chai ilikuwa vijiko vitano.
Tukagombana hadi vinne, vitatu na nusu, vitatu.
Hapo ndipo tulipofika mpaka sasa.
Muguka aliouleta rafiki yake niliutupa chooni,
akaninunia siku mbili. Sijuti.

Wanawake wananisimamisha njiani:
chakula gani kimemponya? Tutajie na sisi.
Wanataka jina moja, walifunge kwenye pindo la leso.
Sinalo. Wala hajapona, kwa kupona mnakokutaka nyinyi.
Jumatatu alimwaga mchuzi wote sakafuni
kwa sababu aliyoijua yeye.
Sikuiuliza. Nilipiga deki,
nikateleka maji, nikatumbukiza yai.

Jana alinikuta sijala tangu asubuhi,
miguu imevimba kwa kusimama kwenye karai.
Akaenda jikoni, akakawia.
Nilisikia kiberiti, maji, kimya kirefu,
nikajizuia nisimfuate.
Akarudi na yai kiganjani,
akalimenya mbele yangu polepole,
akanyanyua kila kipande cha ganda nikione,
akauma kidogo kwanza yeye,
akanipa lililobaki, kiini chote.

Chumvi alisahau.
Nikala.